KOMPYUTA YA KUSOMEA RAMANI YA SHAMBA: TUANZE NA FAILI, DUKANI TWENDE BAADAYE



Matawi yetu kadhaa ya Uganda, hasa ya mashamba ya miwa na ya chai, yametuletea swali moja: yanunue kompyuta ya namna gani ili yaweze kufungua ramani za shamba na kupima vitalu? Baadhi wameambiwa na wauzaji wa Kampala kwamba kompyuta yoyote mpya itafaa. Wengine wameambiwa kwamba kazi ya ramani haiwezekani bila mashini ya bei kubwa mno. Maneno yote mawili si kweli. Na kwa kuwa fedha zitakazotumika ni ada za wanachama, zilizokatwa katika ujira wa mtu anayepalilia kwenye jua kali, tumeona tulieleze jambo hili polepole.

Kwanza tuseme chama cha wafanyakazi kinataka ramani ya nini. Palizi katika mashamba mengi hulipwa kwa ngwe. Nyapara hupima kipande, kibarua hukimaliza, na jina huandikwa kitabuni. Kila aliyewahi kushika jembe kwa kazi ya namna hii anajua kwamba kamba ya nyapara ina tabia ya kurefuka, hasa miezi ambayo magugu ni mengi na meneja ana haraka. Kugombania ngwe moja ni kazi ngumu, maana kesho yake vigingi vimeng'olewa na hakuna ushahidi. Lakini kitalu kizima hakikimbii. Kipo pale pale na barabara zake na mitaro yake, na kinaweza kupimwa leo, kesho na mwaka ujao.

Tuchukue mfano wa kufundishia. Mapatano yanasema ngwe ni mita 20 kwa mita 20, yaani mita za mraba 400. Kitalu kina hekta 10, yaani mita za mraba 100,000. Tuondoe barabara na mitaro, tuseme mita za mraba 4,000, zinabaki 96,000. Ukigawa kwa 400 unapata ngwe 240. Sasa kitabu cha malipo kinaonyesha kwamba palizi ya kitalu hicho ililipwa ngwe 220 tu, na kitalu kilipaliliwa chote. Maana yake ni kwamba kila ngwe ilikuwa na mita za mraba 436 badala ya 400. Kuna ngwe 20 ambazo zilipaliliwa na hazikulipwa. Hapo huna haja ya kubishana na nyapara juu ya kamba yake. Ramani na kitabu cha malipo, ambavyo vyote ni vya mwajiri mwenyewe, ndivyo vinavyosema.

Kwa kazi hiyo hatuhitaji kompyuta ya jeshi. Tunahitaji kompyuta inayoweza kufungua faili ile ile ambayo mwajiri anaitumia. Ndiyo maana mpango wa kununua lazima uanzie kwenye faili, uende kwenye programu, kisha kwenye mfumo endeshi, na mwisho kabisa kwenye mashini. Watu wengi huanza na mashini kwa sababu ndiyo inayong'aa dirishani.

FAILI TUTAKAYOPEWA NI YA NAMNA GANI?

Katika shamba moja ambalo hatulitaji, meneja alikubali katika kikao kutoa ramani, na kweli akaitoa kwenye flashi. Tawi lilipoifungua halikuona kitu. Flashi ilikuwa na faili moja tu lenye mwisho wa .aprx. Faili la namna hiyo hutengenezwa na programu ya ArcGIS Pro ya kampuni ya Esri ya Marekani, na ndani yake hamna ramani yenyewe. Mna orodha tu ya mahali ramani ilipowekwa, rangi zake na majina yake. Ni kama kupewa karatasi iliyoandikwa "mahindi yako ghala namba 3" ukaambiwa umepewa mahindi. Hata mwenye programu hiyo asingeona kitu bila ghala lenyewe. Hatusemi meneja alifanya makusudi. Huenda karani wake naye hakujua. Lakini miezi miwili ilipita kabla ya faili la kweli kupatikana.

Ramani yenyewe huja kwa sura chache ambazo inafaa tuzijue. Iliyo ya kawaida zaidi huitwa shapefile, ambayo Esri ilichapisha kanuni zake mwaka 1998, na tangu hapo karibu kila programu ya ramani huisoma. Tatizo lake ni kwamba si faili moja. Ni kundi la mafaili yenye jina moja na miisho tofauti: .shp ina maumbo, .shx ni faharasa, .dbf ina majina na hesabu za vitalu, na .prj inaeleza vipimo vya mahali. Ukipewa .shp peke yake umepewa mwili bila kichwa. Sura ya pili ni GeoPackage, yenye mwisho wa .gpkg, iliyokubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 2014. Hii ni faili moja tu, haipotezi viungo vyake njiani, na kwa kazi zetu wenyewe ndiyo tunayoipendelea. Ya tatu ni folda yenye mwisho wa .gdb, nayo pia ni ya Esri, na siku hizi inaweza kusomwa na programu nyingine. Wapimaji wa ardhi wengi huchora kwa AutoCAD, ambayo hutoa DWG. Wao tuwaombe DXF, na wasisahau kutuandikia ni vipimo gani vya mahali walivyotumia, maana DXF kwa kawaida haielezi.

Ramani ya PDF, au picha iliyopigwa kwa simu kutoka ukutani kwa meneja, inafaa kutazamwa. Kwa kupima haitoshi.

PROGRAMU NA MFUMO ENDESHI

Sasa tunafika kwenye programu. Ziko mbili zinazotajwa sana. ArcGIS Pro ni programu ya kulipia kibali, na imetengenezwa kwa Windows tu. Haipo ya Mac, haipo ya Linux. Iliyoitangulia, ArcMap, watengenezaji wake walitangaza kwamba msaada wake unakoma Machi 2026, kwa hiyo mtu akiwauzia kompyuta "yenye ArcMap tayari ndani" mjue anawauzia kitu cha kale, na mara nyingi bila kibali halali. Chama kisiingie kwenye mazungumzo na mwajiri kikiwa na programu ya wizi, kwa sababu siku wakili wa kampuni akilijua hilo, mazungumzo yatageuka kuwa juu ya programu na palizi itasahauliwa.

Programu ya pili ni QGIS. Ilianzishwa mwaka 2002 na Gary Sherman wa Marekani, toleo la 1.0 likatoka mwaka 2009, na leo inatengenezwa na watu wa nchi nyingi. Haiuzwi. Mtu yeyote anaweza kuichukua, kuiweka katika kompyuta kumi na kumpa jirani, bila kuvunja sheria. Inafanya kazi katika Windows, Mac na Linux. Inasoma shapefile, GeoPackage, .gdb na DXF. Kwa kazi ya kupima vitalu, kuhesabu eneo na kuchapa ramani ya kikao, hatujaona inaloshindwa. Shauri letu kwa matawi ni moja: QGIS. ArcGIS Pro tuwaachie kampuni. Sisi tunahitaji mafaili yao, programu yao hatuihitaji.

Matawi yote yatumie toleo moja la QGIS, lile linalotunzwa kwa muda mrefu, si lile linalotoka kila baada ya miezi michache. Kazi iliyohifadhiwa katika toleo jipya inaweza kuleta matatizo ikifunguliwa katika toleo la zamani, na hatutaki katibu wa Masindi amtumie katibu wa Jinja kitu kisichofunguka. Tena, programu hii kwa Windows ni zaidi ya gigabaiti 1. Isichukuliwe mara kumi kwa vifurushi vya simu vya wanachama. Ichukuliwe mara moja mjini, isambazwe kwa flashi.

Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoiamsha mashini na kuzisimamia programu nyingine zote, kama nyapara mkuu anavyosimamia makundi (ingawa huyu hadai chochote Jumamosi jioni). Hapa ndipo wauzaji wanapotubana. Kompyuta nyingi za mitumba zilizo sokoni zina Windows 10. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashini bado itawaka, na QGIS itafanya kazi, lakini matundu ya usalama hayazibwi tena kama zamani. Kwenye kompyuta ya tawi mna majina ya wanachama, nambari zao za kazi na nani amelalamika juu ya nani. Orodha hiyo ikivuja kuna mtu atakayefukuzwa kazi.

"Basi tuweke Windows 11," mtasema. Vizuri, lakini Windows 11 haikubali kila mashini. Inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa chipu za Intel inataka, isipokuwa chache, kizazi cha 8 au zaidi. Kizazi husomeka kwenye jina la chipu. Ikiandikwa i5-7200 ni kizazi cha 7, haitakubaliwa. Ikiandikwa i5-8250 ni kizazi cha 8, itakubaliwa. Ikiandikwa i5-10210 ni cha 10. Msiridhike na kibandiko cha nje kisemacho i5 tu, kwa sababu i5 zimetengenezwa kwa miaka mingi. Iwasheni mashini mbele ya muuzaji mkasome jina kamili. Muuzaji akisema "nimeilazimisha Windows 11 iingie kwenye ya kizazi cha 6", hiyo inawezekana, lakini Microsoft haikuahidi kuitunza, na nyinyi ndio mtakaobaki nayo.

Mashini ya zamani haina budi kutupwa? Hapana. Linux, kwa mfano Ubuntu au Debian, haiulizi kizazi cha 8, hailipiwi, na QGIS inaingia humo bila shida yoyote. Laptopu iliyokataliwa na Windows 11, kama ina kumbukumbu ya kutosha, inaweza kuwa kompyuta nzuri ya ramani kwa miaka kadhaa. Ugumu wa Linux uko penye watu zaidi kuliko penye mashini. Katibu aliyezoea kuandika barua katika Windows atahitaji siku za kuzoea, na printa nyingine za bei ndogo hazikubali kufanya kazi na Linux. Jaribuni printa yenu kabla ya kulipa. Kwa tawi lenye kompyuta mbili tungesema moja iwe ya barua yenye Windows 11, na ile ya zamani iwe ya ramani yenye Linux. Kwa tawi lenye moja tu, bora iwe ya kizazi cha 8 au zaidi yenye Windows 11, maana itafanya yote.

Zile Mac ambazo wenzetu wa Ulaya hutupa kama msaada, tuzipokee kwa shukrani. QGIS inafanya kazi humo. Lakini kuanzia mwishoni mwa 2020 Apple ilianza kuziwekea chipu zake yenyewe, na katika hizo ile njia ya zamani ya kuingiza Windows pembeni haipo tena. Asije mtu akaahidi mkutano kwamba Mac mpya itaendesha ArcGIS Pro kama kawaida.

Kuhusu mashini yenyewe hatuna mengi. Kumbukumbu ya kazi, ile wauzaji waitayo RAM, iwe gigabaiti 8 au zaidi. 4 itawaka lakini mtakunywa chai mkisubiri. Diski iwe ya SSD. Mfumo uwe wa biti 64, kwa sababu matoleo mapya ya QGIS kwa Windows hayakubali 32. Kadi kubwa ya picha haihitajiwi kwa vitalu mia mbili tatu. Tunapendelea laptopu kuliko kompyuta ya mezani, kwa sababu umeme katika kambi za mashamba hukatika, na kwa sababu kikao na mwajiri hakifanyiki ofisini kwetu. Nunueni na kipanya cha waya. Kuchora mpaka wa kitalu kwa kidole ni adhabu.

MITA 300 ZINAZOPOTEA

Kuna jambo moja ambalo limewafedhehesha watu hata wakiwa na kompyuta nzuri. Ramani za zamani za Uganda zilizotolewa na ofisi ya upimaji ya Entebbe, pamoja na nyingi za Kenya na Tanzania, zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960. Simu na vifaa vya GPS hutumia msingi mwingine uitwao WGS 84. Tofauti yake kwetu ni takribani mita 300. Kwa hiyo ukizunguka kitalu na simu, kisha ukaweka alama zako juu ya ramani ya kampuni bila kuiambia programu kwamba misingi ni miwili, kitalu chako kitakaa juu ya kitalu cha jirani. Meneja atacheka, atasema simu za vibarua ni waongo, na kikao kitavunjika. Eneo la kitalu halibadiliki kwa kusogea huko, lakini nani atakusikiliza tena?

QGIS inajua kubadilisha, ikiambiwa. Kila msingi una nambari. Kwa Busoga na Masindi, na kwa chai ya Fort Portal, ambako ni kaskazini ya Ikweta, Arc 1960 ni nambari 21096 na WGS 84 ni 32636. Kwa Bushenyi, kusini ya Ikweta, ni 21036 na 32736. Kwa Kanungu na Kisoro, magharibi zaidi, ni 21035 na 32735. Mjihadhari na kaskazini na kusini. Hesabu za kusini zimeongezewa mita 10,000,000, na ukizichanganya, shamba lenu la miwa litaonekana kwenye barafu karibu na Ncha ya Kusini. Hilo angalau linaonekana upesi. Zile mita 300 ndizo zinazojificha.

Na simu zenyewe zina mpaka wao. Mahali pa wazi simu nzuri hukosea kiasi cha mita 5. Kwa ngwe ya mita 20 kwa 20, kosa la mita 5 upande mmoja ni robo ya ngwe, kwa hiyo asithubutu mtu kupima ngwe moja kwa simu na kuipeleka kwenye malalamiko. Kwa kitalu cha hekta 10, chenye upande wa mita 316 hivi, kosa hilo hilo haliifikii asilimia 2. Katika mfano wetu wa juu ngwe ingetoka kati ya mita za mraba 429 na 444, na bado ni zaidi ya 400. Programu ya QField, ambayo huwekwa kwenye simu za Android, huandika mizunguko hiyo moja kwa moja katika GeoPackage ambayo QGIS huifungua. Wenzetu wa chai wakumbuke pia kwamba ramani hupima kama ndege anavyoona kutoka juu. Kwenye mteremko wa digrii 20 ardhi anayopalilia mtu ni kubwa kuliko ya ramani kwa karibu asilimia 6, na tofauti hiyo iko upande wa mfanyakazi. Isemwe kikaoni.

Kabla ya tawi kutoa hata shilingi moja, liandike barua kwa mwajiri. Iombe mipaka ya vitalu vyote kwa shapefile yenye sehemu zote nne, au GeoPackage. Ionyeshe jina la kila kitalu na eneo lake kama lilivyo kwenye vitabu vya shamba. Itaje msingi wa vipimo na nambari yake, na tarehe ya upimaji. Inafaa zaidi maneno hayo hayo yaingizwe katika mapatano yanayofuata, ili yasitegemee ukarimu wa meneja aliyepo. Faili likifika, nakala ya kwanza isiguswe; iwekwe kwenye flashi mbili, moja kwa katibu na moja kwa mweka hazina, na kazi ifanywe kwenye nakala ya tatu. Barua itiwe sahihi na katibu wa tawi, nakala ipelekwe makao makuu, na karani wa kampuni aliyeipokea aandike juu yake, kwa mkono wake, siku aliyoipokea.